Maswali Yale Yale kwa Mizinga na kwa Wakunga

Hotuba katika mdahalo wa hadhara kuhusu bajeti ya taifa: ulinzi na huduma za jamii

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu msemaji wa upande wa pili, na ninyi mliokosa viti mkasimama kule nyuma, asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa kuitetea hoja kwamba sehemu ya bajeti ya ulinzi ihamishiwe huduma za jamii. Nitaitetea. Ila kwanza niwaambie mimi ni mtoto wa nani, kwa sababu anayehoji pesa za jeshi huambiwa upesi kuwa halipendi jeshi. Baba yangu alikuwa askari kwa miaka 22. Nimekulia kwenye kota. Najua harufu ya rangi ya viatu saa kumi na moja alfajiri. Najua pia ule ukimya unaoshuka kwenye nyumba 12 kwa mpigo, kikosi kinapoitwa usiku na wake zao wasielezwe kinakwenda wapi. Watu wale siwezi kuwabeza, na atakayewabeza leo hatakuwa upande wangu hata kama tunaitetea hoja moja.

Kwa kuwa nilikulia kule, niliona jambo ambalo mtoto wa uraiani pengine hakuliona. Kila mwaka redio ilitangaza kuwa fungu la ulinzi limepanda. Viatu vya baba havikubadilika. Paa la kota lilivuja pale pale lilipovuja mwaka uliopita. Shuleni sisi watoto wa askari tulibanana wanne kwenye dawati la wawili pamoja na watoto wa wakulima na wa makuli, na mama alipougua alipanga foleni kwenye zahanati ile ile ya umma. Ndiyo maana sikuwahi kuelewa wanaposema kuna pesa za jeshi na kuna pesa za wananchi. Askari yule aliishi ndani ya bajeti zote mbili, na zote mbili zilimpunja.

Ukubwani nilifanya kazi ya ukarani kwenye kamati ya bajeti kwa miaka 11. Sitataja wapi wala chini ya nani. Nitawasimulia nilichokiona, kwa sababu ndicho kilichonileta hapa.

Wizara ya Afya ilipokuja mbele ya kamati, ilikuja na makabrasha yanayojaza meza. Mstari kwa mstari iliulizwa. Glovu za wakunga kwa nini zimeongezeka? Mwaka jana mlinunua ngapi, zimebaki ngapi, nani alizihesabu? Semina hii ya wahudumu wa chanjo haiwezi kufanyika kwa siku mbili badala ya tatu? Maofisa walijibu, wakarudishwa, wakaja tena kesho yake na viambatisho. Sikasiriki na maswali hayo. Yalikuwa maswali mazuri, na mara kadhaa yaliokoa pesa.

Kisha likaja fungu la ulinzi. Karatasi moja. Mistari michache, na mmoja wapo uliandikwa tu "mahitaji maalumu", ukiwa na tarakimu nyingi kuliko ya glovu, ya chanjo na ya semina ukizijumlisha zote. Mwenyekiti wa kamati akauliza wanaoafiki. Wakaafiki. Mimi nilikuwa bado sijamaliza kuinakili ile tarakimu.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba kila bunduki ni dhambi. Nimekuja kudai kitu kimoja, na nitakirudia mpaka mkichoke: maswali yale yale. Anayeomba pesa za kifaru aulizwe kama anavyoulizwa anayeomba pesa za glovu. Tishio ni lipi? Kitu hiki kinalizuiaje? Kukitunza kutagharimu kiasi gani kila mwaka baada ya kukinunua? Tusipokinunua nini kitatokea, na ni nani atakayeumia? Naamini, kwa niliyoyaona, kwamba maswali hayo yakiulizwa kweli, sehemu ya pesa itahama yenyewe. Na ile itakayobaki jeshini itakuwa ya jeshi kweli.

Tuangalie ukubwa wa jambo lenyewe. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, ambayo huhesabu matumizi ya kijeshi ya nchi za dunia, iliweka jumla ya dunia ya mwaka 2024 kuwa dola bilioni 2,718. Ni ongezeko la asilimia 9.4 kwa mwaka mmoja, na hakujawa na mruko mkubwa hivyo tangu Vita Baridi viishe. Gawanya kwa siku za mwaka, unapata zaidi ya dola bilioni 7 kila siku inayokucha.

Sasa weka pembeni ya namba hiyo namba nyingine. Ndui iliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 300 katika karne ya 20. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni kali ya kuifuta, mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida akapatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui haipo tena duniani. Kampeni ile yote iligharimu takriban dola milioni 300. Mtasema dola ya wakati ule si ya leo, na ni kweli. Zidisheni mara sita. Bado hamfikii nusu ya siku moja ya matumizi ya kijeshi ya dunia ya mwaka 2024. Nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia mara tatu, nikidhani nimekosea sifuri.

Ndugu msemaji wa upande wa pili atasema ninalinganisha visivyolingana: ndui ni ugonjwa, na jeshi ni usalama. Nitalijibu hilo, lakini kwanza nimpe haki yake, kwa maana ana hoja nzito na sitaki kuipita pembeni.

Hoja yake ni hii. Shule haifundishi mji ukipigwa mabomu. Mwaka 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirika la Mataifa mjini Geneva akiomba dunia itimize ahadi yake kwa Ethiopia iliyovamiwa na Italia, na dunia haikuitimiza. Kuwait ilivamiwa mwaka 1990 ikamezwa kwa siku mbili. Ukraine mwaka 1994 ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake, ikapewa maandishi kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Maandishi yale hayakuizuia Urusi kuivamia mwaka 2014, wala mwaka 2022. Nchi isiyoweza kujilinda huishi kwa hisani ya jirani, na hisani haina mkataba. Hayo nayakubali yote.

Hata Costa Rica, ambayo sisi wa upande huu tunapenda kuitaja, tuitaje kwa ukamilifu wake. Tarehe 1 Desemba 1948 kiongozi wa serikali, José Figueres Ferrer, alishika nyundo akaugonga ukuta wa kambi ya Bellavista mjini San José kuashiria kwamba jeshi limefutwa. Katiba ya mwaka 1949 ikaliweka hilo katika ibara ya 12. Kambi ile leo ni Makumbusho ya Taifa, na wastani wa umri wa kuishi katika nchi hiyo ni karibu miaka 80. Ni kisa kizuri mno, na ni cha kweli. Lakini siku chache tu baada ya nyundo ile, wapiganaji waliingia kutokea upande wa Nicaragua, na Costa Rica ilikimbilia mkataba wa kulindana wa nchi za Amerika uliokuwa umeanza kufanya kazi mwezi huo huo. Haikuacha kujilinda. Ilichagua njia nyingine ya kujilinda, ikaishi nayo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mwenye kuishi kwa mkataba sharti ajue mkataba wake unafika wapi. Si kila nchi inaweza kufanya alivyofanya Figueres, na hoja iliyo mbele yetu haituombi tufanye hivyo.

Sasa nirudi kwenye neno usalama.

Mwaka 2014 Ebola ilienea Liberia, Sierra Leone na Guinea. Liberia, nchi ya watu zaidi ya milioni 4, ilikuwa na madaktari takriban 50 tu. Kabla ugonjwa haujadhibitiwa ulikuwa umeua zaidi ya watu 11,000 katika nchi hizo tatu, na miongoni mwao wahudumu wa afya zaidi ya 500, yaani wale wale wachache waliokuwepo. Mipaka ilifungwa, shule zikafungwa, mazao yakaozea shambani. Je, ingekuwaje kama jeshi la nchi jirani ndilo lingefanya hivyo? Tungeita vita. Na siku ya tarehe 18 Septemba mwaka ule, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, chombo kilichoundwa kushughulikia vita, lilipitisha azimio namba 2177 likiutangaza ugonjwa ule kuwa tishio kwa amani na usalama wa dunia. Si mimi mtoto wa askari niliyesema. Ni Baraza la Usalama.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mkunga aliye zamu usiku, mtu wa maabara anayegundua homa isiyoeleweka kabla haijavuka wilaya, mwalimu anayemzuia kijana wa miaka 15 asiwe windo la anayeajiri wapiganaji: hao wamo kwenye ulinzi wa nchi. Hawajaandikwa kwenye fungu la ulinzi, basi. Ukiuliza ni tishio gani limeua raia wetu wengi zaidi katika miaka 20 iliyopita, katika nchi nyingi za dunia jibu halitakuwa jeshi la kigeni. Na kama jibu si jeshi la kigeni, kwa nini swali hilo halikuulizwa siku ile kwenye kamati?

Nimeambiwa mara nyingi: pesa hakuna, tufanyeje. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu kauli hii nimeisikia kwa miaka 11 na nimeona inavyofanya kazi.

Ujerumani ni nchi iliyoandika kwenye katiba yake kwamba serikali isikope kupita kiasi. Kwa miaka mingi waliotaka pesa zaidi za shule, reli na nyumba waliambiwa kanuni hairuhusu. Tarehe 27 Februari 2022, siku tatu baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Kansela Olaf Scholz alitangaza mfuko maalumu wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi, na katiba ikarekebishwa mwaka huo huo. Mwaka 2025 ikarekebishwa tena ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa yasihesabiwe kwenye kikomo hicho. Sisemi walikosea. Vita ilikuwa mlangoni. Nasema tu kwamba neno "haiwezekani" lilidumu miaka kwa wengine, na kwa jeshi lilidumu siku tatu.

Uingereza ilikuwa wazi zaidi. Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alisema ulinzi utapanda hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027, na akasema pesa zinatoka wapi: misaada kwa nchi za nje inashushwa kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Waziri wake wa maendeleo, Anneliese Dodds, akajiuzulu. Unaweza kuuchukia uamuzi ule, na mimi siupendi, kwa sababu nyuma ya desimali zile kuna kliniki zilizofungwa katika nchi ambazo hazikupiga kura. Lakini angalau mizani iliwekwa mezani na kila mtu akaona kilichotolewa upande huu na kilichowekwa upande ule. Kwetu sisi wengine mizani hufichwa.

Hufichwa namna gani? Bajeti iliyopitishwa ni kitu kimoja, na pesa iliyotoka Hazina ni kitu kingine. Mwaka wa fedha ukifika katikati, mapato yakipungua, Hazina hukata. Itakata wapi? Mishahara haikatiki, riba ya deni haikatiki, ulinzi hauguswi. Kinachobaki ni matumizi ya maendeleo ya afya, maji na elimu. Hakuna anayepiga kura ya kukata. Ni pesa tu hazitoki. Niliwahi kufuatilia wodi moja ya wazazi tangu siku iliyoidhinishwa. Ilipangiwa fedha za robo nne za mwaka, ikapata robo moja. Kuta zilipanda hadi kwenye lenta, mkandarasi akaondoka na vibarua wake, mvua ikaingia. Mwaka uliofuata ikaidhinishwa upya, na kwenye kitabu cha bajeti ikahesabiwa mara ya pili kama mafanikio ya serikali. Miaka mitatu baadaye nilipita pale: majani yalikuwa yameota ndani, yananifika kiunoni. Kwenye takwimu, wodi ile ilishafadhiliwa mara mbili.

Basi anapokuja mtu na kitabu cha bajeti kunionyesha kwamba afya imepewa nyingi kuliko ulinzi, namwomba ripoti ya utekelezaji. Tulinganishe kilichotoka.

Sasa siri. Hapa ndipo upande wa pili hujificha, na sisi hunyamaza kwa woga wa kuitwa wasaliti. Siri za kweli zipo. Idadi ya makombora, mahali ghala lilipo, jina la mtu anayetuletea habari: hayo hayana haja ya kusomwa hadharani. Lakini siri ya vita na siri ya bei ni vitu viwili tofauti. Adui hapati faida yoyote akijua tumelipia injini mara mbili ya bei yake. Anayepata faida ya bei kufichwa ni dalali.

Wengi wenu mnakikumbuka kisa cha rada ya Tanzania. Ilinunuliwa kwa pauni milioni 28 kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Benki ya Dunia ililalamika, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likasema mfumo ule ni ghali na umeelemea upande wa kijeshi, na hata ndani ya serikali ya Uingereza Waziri Clare Short aliupinga. Ununuzi ukaendelea. Mwishoni mwa mwaka 2010 kampuni ile ilikiri mahakamani London kwamba haikutunza vizuri kumbukumbu za hesabu za mkataba huo, ikapigwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikaelekezwa kwa manufaa ya Watanzania. Zikanunua vitabu vya shule za msingi, viongozi vya walimu na madawati.

Nimekitafakari sana kisa hicho. Mara nyingi tunapojadili mizinga na madawati huwa ni mfano wa mdomoni tu. Pale ilitokea kweli: pesa ya rada iligeuka madawati. Lakini ilipita kwanza kwenye mahakama ya nchi nyingine, karibu miaka 10 baadaye, na mtoto aliyekuwa darasa la kwanza rada ilipoagizwa alikuwa ameshamaliza shule ya msingi bila kukigusa kitabu hata kimoja kati ya vile. Maswali ya Clare Short na ya Benki ya Dunia yalipaswa kuulizwa mapema na watu wenye pesa yao.

Chile walikuwa na jambo zito zaidi. Kuanzia mwaka 1958 sheria ya siri ilitenga sehemu ya mapato ya shaba moja kwa moja kwa ajili ya silaha, na kwa miongo mingi ilikuwa asilimia 10 ya mauzo ya nje ya shirika la taifa la shaba. Pesa hiyo haikupita kwenye mjadala wa kawaida wa bajeti. Bei ya shaba ikipanda, jeshi lilitajirika, hata kama hakukuwa na tishio jipya lolote. Sheria ile ilifutwa mwaka 2019. Chile haijavamiwa kwa sababu ya kuifuta.

Na kama mtu ataniambia bunge haliwezi kuhoji silaha bila kuvujisha siri, basi aende tena Ujerumani. Huko kila mkataba wa ununuzi wa kijeshi unaozidi euro milioni 25 lazima upelekwe kwenye kamati ya bajeti ya bunge, mmoja mmoja, na kamati ikubali kabla haujasainiwa. Wanajeshi wao wanalalamika kwamba inachelewesha, na pengine inachelewesha. Lakini ni nchi mwanachama wa muungano wa kijeshi wa NATO yenye siri nyingi kuliko zetu, na wabunge wake wanaona bei.

Suala la kutunza nitalipitia haraka, ingawa ndilo linalotafuna zaidi. Wakaguzi wa Bunge la Marekani wameandika tena na tena kwamba takriban asilimia 70 ya gharama yote ya mfumo wa silaha, tangu unaponunuliwa hadi unapotupwa, ni kuuendesha na kuutunza. Bei inayotangazwa siku ya sherehe ni ile sehemu ndogo. Ndege ikishafika inataka vipuri, mafuta, mafundi, rubani anayeruka saa za kutosha asisahau kazi. Hospitali nayo ni hivyo hivyo: jengo ni rahisi, wauguzi wa miaka 30 ndio ghali. Tofauti ni kwamba Wizara ya Afya huulizwa, "Mtapata wapi wauguzi?" Sikuwahi kusikia mtu akiuliza, "Mtapata wapi vipuri?" Matokeo yake ni ndege zinazokaa bandani na viatu ambavyo havikubadilishwa. Maana pesa ya vipuri ikikosekana, hukatwa kwa askari wa chini.

Kuna jambo linaloniuma katika upande wangu mwenyewe, na lazima niliseme. Sisi tunaoitetea hoja hii huwa tunadhani ukikata ulinzi, shule zinajengwa. Historia haisemi hivyo. Vita Baridi vilipokuwa vinaisha, matumizi ya kijeshi ya dunia yalishuka mfululizo. Ripoti ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1994, ambayo ndiyo iliyolipa uzito neno "usalama wa binadamu", ilikadiria kwamba kati ya 1987 na 1994 ziliokolewa dola bilioni 935. Kisha ikasema jambo la kusikitisha: haikuona uhusiano wa wazi kati ya pesa zile zilizopungua jeshini na ongezeko la matumizi kwa maendeleo ya watu. Bilioni 935! Zilipungua huku, na kule hazikuonekana. Nyingine ziliziba mapengo ya bajeti, nyingine zililipa madeni. Hakuna aliyekuwa ameziandikia anwani.

Na leo anayezisubiri pesa hizo mlangoni ni deni. Kwa hesabu ya mwaka 2025 ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, watu bilioni 3.4 wanaishi katika nchi zinazolipa riba nyingi kuliko zinavyotumia kwa afya au kwa elimu. Silaha zikinunuliwa kwa mkopo, kwa fedha za kigeni, haziuzi chochote cha kurudisha mkopo huo. Hivyo tunalipia kifaru mara mbili, mara ya kwanza kwenye fungu la ulinzi, mara ya pili kwenye fungu la deni ambako hakuna tena neno kifaru. Anayehesabu matumizi ya jeshi kwa kusoma fungu la ulinzi peke yake anasoma nusu ya barua.

Nimalizie na ahadi mbili. Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Mwaka 2014 nchi za NATO zilikutana Wales zikaahidi kuelekea asilimia 2 ya pato la taifa kwa ulinzi ndani ya miaka 10. Wakati huo nchi tatu tu ndizo zilizokuwa zimefika. Kwa makadirio ya NATO ya mwaka 2025 wanachama wote wenye jeshi wanafika, na tayari wamejiwekea lengo jipya la asilimia 5 ifikapo 2035. Ya Abuja, iliyotangulia kwa miaka 13, ni nchi chache mno zilizoifikia, na chache zaidi zilizodumu nayo.

Msiseme ni kwa sababu ya utajiri peke yake, kwani zote mbili zilikuwa asilimia, na maskini ana asilimia 15 zake kama tajiri alivyo na zake. Ile ya ulinzi iliwekewa jedwali lenye jina la kila nchi, likachapishwa kila mwaka, na aliye nyuma akaulizwa mbele ya wenzake. Ya afya iliachiwa nia njema. Mama aliye kwenye foleni ya zahanati hana mjumbe kwenye mkutano wa kilele. Ana sisi, tuliomo ukumbini humu.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nikiunga mkono hoja hii naomba iwekewe masharti mawili, na yaandikwe kwenye azimio la leo.

Kwanza, kila kiasi kitakachotolewa kwenye fungu la ulinzi kiandikiwe siku hiyo hiyo, ndani ya muswada huo huo, kinakokwenda: kifungu gani, wakunga wangapi, madarasa mangapi, robo ipi ya mwaka. Kisichokuwa na anwani kisihamishwe. Na kila robo ikiisha, Hazina iseme hadharani ni kiasi gani kimetoka kweli, katika jedwali moja, ulinzi na afya na elimu zikiwa safu kwa safu.

Pili, ukataji uanzie kwenye "mahitaji maalumu" na kwenye mikataba ambayo bei yake haijaonwa na kamati. Usianzie kwenye sare, makazi, matibabu na pensheni za askari. Nimewaona wanaokata, huanzia kwa asiyeweza kubisha, na kwenye jeshi asiyeweza kubisha ni yule anayelala kwenye kota inayovuja.

Kwa masharti hayo mawili, naunga mkono hoja.